Somo: Umefanya kazi ya ujenzi Texas na hujalipwa? Kalenda ya lieni ilibadilika 2022, hesabu hivi

Wakuu habari zenu. Hili somo nawaandikia mafundi wenzangu wa Houston, Dallas, Fort Worth na kwingineko Texas, wa rangi, jipsamu, tiles, umeme, tunaochukua vipande vya kazi kwa kontrakta mkubwa, maana kila mara nasikia mtu kadhulumiwa na ushauri anaopewa na wakongwe ni wa sheria ya zamani.

Mimi uliniponza. Nilifunga jipsamu kwenye jengo la maduka kuanzia Machi hadi Mei 2022, kontrakta akaanza kona kona, nikapeleka notisi, nikasajili lieni (naieleza hapo chini) ndani ya muda, vizuri kabisa. Halafu nikatulia, kwa sababu fundi niliyemwamini aliniambia una miaka 2 ya kushtaki. Novemba 2023 naenda kwa wakili ananiambia mlango ulifungwa Septemba 15. Dola 8,400 zikapotea hivyo hivyo, na nilikuwa na vijana wawili nimewalipa kutoka mfukoni kwangu.

Kwa wasioijua, lieni ni deni lako kugandishwa kwenye jengo lenyewe. Mwenye jengo akitaka kuuza au kukopea, deni lako linaonekana pale kaunti, na ikibidi mahakama inaweza kuamuru jengo liuzwe ulipwe. Bunge la Texas lilipitisha mabadiliko mwaka 2021, muswada HB 2237, na yanahusu kazi ambazo mkataba mkuu, yaani ule wa mwenye jengo na kontrakta wake, umesainiwa kuanzia Januari 1, 2022. Angalia tarehe ya mkataba huo mkuu, sio wa kwako wewe na kontrakta.

Hatua ya kwanza, jua kazi yako iko kundi gani, makazi au biashara. Makazi ni nyumba ya mtu ambayo mwenyewe anaishi au anakusudia kuishi. Apatimenti za kupangisha, maduka, maghala, hayo sio makazi hata kama watu wanalala humo. Wengi wanakosea hapa na hesabu yote inaharibika.

Hatua ya pili ni notisi, na hii ndo roho ya somo. Kama hukuingia mkataba na mwenye jengo moja kwa moja, lazima umpelekee notisi mwenye jengo NA kontrakta mkuu, wote wawili, mwisho tarehe 15 ya mwezi wa tatu baada ya mwezi uliofanya kazi. Kwenye makazi ni tarehe 15 ya mwezi wa pili. Yaani kazi ya Machi kwenye jengo la biashara, notisi mwisho Juni 15, ya Aprili Julai 15, ya Mei Agosti 15, kila mwezi ambao hujalipwa una tarehe yake, ukichelewesha wa Machi huwezi kuufufua kwa notisi ya Mei. Zamani sabu (fundi anayepewa kazi na kontrakta, sio na mwenye jengo) wa ngazi ya chini alikuwa na notisi ya ziada ya mwezi wa pili kwa kontrakta mkuu, ile imefutwa, na sasa sheria yenyewe imetoa fomu ya notisi, itumie ile ile usijitungie. Kuipeleka unaweza mkononi, kwa posta ya certified mail, au kampuni ya vifurushi yenye namba ya kufuatilia na inayothibitisha kupokelewa. Risiti tunza. Faida ya notisi ni kwamba mwenye jengo akishaipata ana haki ya kushikilia hela ya kontrakta kiasi cha deni lako, na akimlipa kontrakta bila kujali anaweza kujikuta anadaiwa na wewe. Mara nyingi watu wanalipwa hapa hapa, hata lieni yenyewe haijafika.

Hatua ya tatu, hati ya kiapo ya lieni. Hii inasainiwa mbele ya notari (afisa anayethibitisha saini) na kusajiliwa kwa karani wa kaunti lilipo jengo. Sabu wa jengo la biashara, mwisho tarehe 15 ya mwezi wa nne baada ya mwezi wako wa mwisho wa kazi, makazi ni mwezi wa tatu. Ukishasajili, ndani ya siku 5 peleka nakala kwa mwenye jengo na kontrakta mkuu. Tarehe ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu inasogea hadi siku ya kazi inayofuata, hii nayo ni mpya, ila usiitegemee.

Hatua ya nne, kushtaki. Mwaka 1 tu, unahesabiwa kutoka siku ya mwisho uliyoruhusiwa kusajili. Unaweza kuongezwa hadi miaka 2 lakini kwa makubaliano ya maandishi na mwenye jengo, nayo yasajiliwe kaunti. Maneno ya simu hayahesabiki.

MASWALI

Dada wa tiles, Katy: Kaka shukrani. Mimi nilitengeneza bafu la nyumba ya familia, tulikubaliana kwa mdomo tu na mume. Naweza kuweka lieni?

Jibu: Dada yangu hapo pagumu. Nyumba ya familia inalindwa na katiba ya Texas, mkataba lazima uwe wa maandishi, umesainiwa kabla kazi haijaanza, na mume na mke WOTE, na usajiliwe kaunti. Deni bado unalo, unaweza kumdai kwenye mahakama ya madai madogo, ila lieni hapana.

Mdau wa Arlington: Kontrakta anataka nisaini karatasi ya kuachia lieni ndo anipe cheki, nisaini?

Jibu: Fomu ziko nne kisheria, zenye masharti na zisizo na masharti. Saini ile yenye masharti, inakuwa na nguvu pale tu hela inapoingia. Isiyo na masharti kontrakta haruhusiwi kukudai uisaini kabla hujalipwa kweli. Na tangu 2022 karatasi hizi hazihitaji tena notari, kwa hiyo ukisaini kwenye boneti ya gari imeshaisha.

Mzee wa rangi: Mwanangu, mimi nilipaka shule ya serikali.

Jibu: Shikamoo mzee. Mali ya umma haiwekewi lieni. Kwa shule, mkataba mkuu ukizidi dola 25,000 kontrakta lazima awe na dhamana ya malipo, unadai kwenye dhamana ile. Omba nakala ya dhamana pale wilaya ya shule.

Fundi bomba: Naweza kuongeza kidogo kwenye deni kwa usumbufu walionipa?

Jibu: Usithubutu ndugu. Lieni ya uongo inaweza kukugharimu dola 10,000 au hasara halisi, inayozidi. Andika hela ya kazi yako tu.

Kijana wa Sacramento: Huku California ni hivi hivi?

Jibu: Hapana kabisa, huko notisi ya awali ni ndani ya siku 20 tangu uanze kazi, hata kama hakuna aliyekudhulumu bado. Usichukue kalenda ya Texas.

Mdau mpya: Kazi yangu ni ya ghala, nilifanya Desemba tu, leo Machi 11, nimechelewa?

Jibu: Bado, notisi mwisho Machi 15, lieni mwisho Aprili 15. Kesho asubuhi posta ikifunguliwa uwe mlangoni, bahasha mbili.