Kirai na kishazi katika Kiingereza: anza na kitenzi chenye njeo

Wanafunzi wengi wakiambiwa watofautishe kirai (phrase) na kishazi (clause) katika Kiingereza, huhesabu maneno. Yakiwa mengi wanasema kishazi, yakiwa machache wanasema kirai. Urefu hauamui chochote. "She left" ni maneno mawili, na ni kishazi kamili. "The old wooden gate behind my uncle's house" ni maneno manane, na ni kirai kimoja tu.

Kinachoamua ni kitenzi chenye njeo, yaani kinachoonyesha wakati (tense), pamoja na kiima chake (subject). Vikiwepo, una kishazi. Visipokuwepo, una kirai. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunapata taabu hapa kwa sababu kitenzi chetu hubeba mzigo wote peke yake. "Alipofika" ni neno moja, lakini ndani yake mna mtenda, njeo na kirejeshi cha wakati. Kiingereza huvitawanya: "when he arrived". Basi inabidi tujifunze kuvitafuta kimoja kimoja.

Hatua ya 1: Tafuta kitenzi chenye njeo

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Chukua sentensi hii: "The woman selling fish near the bus stop knows my mother." Jicho hukimbilia "selling" kwa kuwa limetangulia. Sasa ihamishie sentensi wakati uliopita: "The woman selling fish near the bus stop knew my mother." "Knows" limegeuka, "selling" limebaki lilivyo. Kinachogeuka ndicho kitenzi chenye njeo. Kwa hiyo sentensi ina kishazi kimoja, na "selling fish near the bus stop" ni kirai kinachomweleza huyo mwanamke.

Jaribio hilo hilo linafaa kwa "to": "I want to buy a phone" inakuwa "I wanted to buy a phone", na "to buy" halitikisiki.

Mtego mkubwa zaidi ni maneno yanayoishia na -ed. "The houses painted last year look new." Wengi hudhani "painted" ni kitenzi chenye wakati uliopita. Jiulize: nyumba zilipaka rangi? Hapana, zilipakwa. Kitenzi chenye njeo ni "look", nawe ukiirudisha sentensi nyuma utapata "looked".

Kitenzi kikiambatana na vitenzi visaidizi, kama "has been waiting", hesabu kundi zima kuwa kimoja. Amri kama "Close the door" nazo ni vishazi, kiima chake "you" kimefichwa tu.

Ukikuta kitabu kinachoita "selling fish" kishazi, usishtuke. Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya 1985, wanavihesabu hivyo, kama vishazi ambavyo kitenzi chake hakina njeo. Sarufi nyingi za shule huviita virai, nami nafuata njia hiyo. Kwenye mtihani, fuata kitabu cha darasa lako.

Hatua ya 2: Kipe kila kitenzi kiima chake

Uliza nani au nini, kisha weka kitenzi ulichokipata: nani "knows"? "The woman". Kwa Kiswahili "Anakuja" imekamilika, lakini "Is coming" haiwezi kusimama. Lazima useme "She is coming". Hata mvua inadai kiima: "It rained."

Kosa la upande wa pili ni kurudia kiima. "My father he works in Dodoma" inatokana na kiambishi a- katika "Baba yangu anafanya kazi Dodoma". Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo "My father works in Dodoma" inatosha.

Hatua ya 3: Tazama neno linalofungua kishazi

Idadi ya vitenzi vyenye njeo ndiyo idadi ya vishazi. Sasa tenganisha huru, kinachoweza kusimama peke yake, na tegemezi, kisichoweza. Kishazi kikifunguliwa na "because", "although", "if", "when", "unless", "who", "which" au "that" inayounganisha, kwa kawaida ni tegemezi. "Because the ferry was late" ina kiima na kitenzi, lakini msomaji bado anasubiri. Mpe kishazi huru: "Because the ferry was late, we missed the meeting."

Maneno mengine yana kazi mbili, kwa hiyo angalia kinachofuata. "After the rain" ni kirai. "After it rained" ni kishazi. "Because of the strike" ni kirai; "because the drivers were on strike" ni kishazi. "Despite" na "during" hufuatwa na nomino, ilhali "although" na "while" hufungua kishazi.

Makosa mawili nayaona kila mara. La kwanza ni "Although he was sick, but he came". Kiswahili kinaruhusu "ingawa… lakini". Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu. La pili ni "the book which I bought it". Hiyo ni -ki- ya "nilichokinunua" imejipenyeza. Andika "the book which I bought".

Hatua ya 4: Tafuta neno kuu la kirai

Kirai nomino, ambacho Wakenya wengi wanakijua kama kikundi nomino, kina neno moja linalotawala kitenzi. "The list of students are on the wall" ni kosa kwa sababu neno kuu ni "list". Hapa Kiswahili kinatusaidia kweli: hakuna anayesema "orodha ya wanafunzi wako ukutani". Tunasema "iko". Tumia sikio hilo hilo, uandike "is".

Hatua ya 5: Chambua sentensi nzima

"When the rains failed, the farmers living along the river sold the goats that they had bought in March."

Vitenzi vyenye njeo ni "failed", "sold" na "had bought", kwa hiyo vishazi ni vitatu. "When the rains failed" ni tegemezi, kinaeleza wakati. "The farmers living along the river sold the goats" ni huru. "That they had bought in March" ni tegemezi, kinaeleza mbuzi gani. "Living along the river" na "in March" ni virai. Mkato umewekwa kwa sababu kishazi cha "when" kimetangulia. Kikihamia mwisho, kwa kawaida hauhitajiki.

Sasa jaribu hii kwenye daftari kabla ya kusoma jibu: "The students waiting outside the office said that the teacher who marks their papers had gone home."

Jibu: vitenzi vyenye njeo ni "said", "marks" na "had gone". "Waiting outside the office" ni kirai. Kishazi cha "who" kimekaa ndani ya kishazi cha "that", na ndiyo maana "the teacher" limetengana na "had gone".