Vesti na hanesi zijaribu pamoja
Wale wa ubao wa tanga, ukienda kununua vesti ya kuelea beba na hanesi yako jamani (ule mkanda wenye ndoano unaokuunganisha na tanga), usijaribu vesti peke yake. Kama hanesi ni ya kiunoni chukua vesti fupi isiyofika kiunoni, na mbele pasiwe na mfuko wala kifungo kigumu karibu na ndoano, maana ikiwa ndefu hanesi inapanda mpaka mbavuni na kuuumiza mwili. Vesti nyingi za kukinga kishindo (za kulinda mwili ukigongwa au ukianguka) zina nguvu ya kuelea chini ya nyutoni 50 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), mi naona bora 50 kamili ila isiwe nene, tanga likikuangukia lazima uweze kuzama kidogo utokee pembeni. Na hata hiyo 50 haikugeuzi uso juu ukizimia, usitoke peke yako.