Irabu tatu katika a moja: kuchambua Kizapoteki cha Istmo kwa Praat

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye rekodi za diidxazá, yaani Kizapoteki cha Istmo, lugha ya Juchitán na miji jirani huko Oaxaca, Meksiko, ambaye sikio lake limelelewa na Kiswahili, naye anataka kuzichambua kwa Praat, programu ya kompyuta ya kuchunguza sauti. Nimeuandika baada ya kukaa na mwanafunzi aliyekuwa akiandika kila irabu kama "a" tupu. Watoto wengi wa Juchitán siku hizi wanakulia kwenye Kihispania, hivyo ukimpata mzee wa kurekodi, mrekodi vizuri.

1. Sauti. WAV, 44,100 Hz. MP3 usiniletee. Kichuja kelele cha simu kizime, maana hufuta mikwaruzo ile ile unayoitafuta.

2. Jua unachotafuta. Irabu ni tano kama zetu, ila kila moja huja kwa namna tatu: ya kawaida, iliyokatwa, na ya kukwaruza. Tahajia ya mwaka 1956 huziandika a, a', aa. *Guie* ni jiwe, *guie'* ni ua. *Beñe* ni tope, *be'ñe'* ni mamba. *Yu* ni udongo, *yoo* ni nyumba. Mswahili hunaswa hapa: kibainishi hicho (') si kile cha ng'ombe, bali koo linafungwa kweli, na oo ya *yoo* si ya choo. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakotofautisha maneno, haiandikwi.

3. TextGrid, yaani faili la Praat la kuandika maelezo chini ya sauti. Safu tatu: neno, irabu, toni.

4. Kusoma picha ya sauti (spektrogramu) ndani ya Praat. Hapa ndipo siku huishia.

Vuta karibu hadi uone kila pigo la nyuzi sauti kama mstari wima. Irabu ya kawaida ina mistari iliyopangana sawasawa. Iliyokatwa huenda sawa, kisha kimya cha ghafla, pengine na mapigo mawili matatu yaliyotawanyika mwishoni. Ya kukwaruza huanza vizuri, halafu mistari inaachana ovyo ovyo, na mara nyingine inarudi kujipanga. Kuna wasemaji wanaofunga koo kabisa katikati, ukaona kama irabu mbili. Usiandike silabi mbili.

Mstari wa kidatu, yaani wa kimo cha sauti, usiuamini hapo. Kwenye mikwaruzo hutoweka au hushuka hadi nusu, nawe unaandika toni ya chini isiyokuwepo. Wapo wanaoshusha kikomo cha chini cha kidatu kutoka 75 Hz hadi 50. Mimi napima pigo moja kwa mkono: sekunde 0.008 ni 125 Hz, basi. Toni ipime kwenye sehemu iliyotulia tu.

Halafu kuna mwisho wa usemi. Sauti ya mtu yeyote huweza kukwaruza akimaliza kusema, hata ya kwako kwa Kiswahili. Neno likitamkwa peke yake, *guie* hufanana na *guie'*. Liweke katikati ya sentensi, na sentensi iwe ile ile kwa maneno yote. Lakini huko katikati, mtu akisema haraka, ule mkato nao hulegea ukabaki mapigo machache yaliyovurugika. Kwa hiyo rekodi kote kuwili. Na neno linalofuata lianze kwa n au m: likianza kwa t au p, kimya cha konsonanti hiyo utakihesabu kama mkato wa irabu.

5. Konsonanti. Ziko nzito, zinazotamkwa kwa nguvu, na nyepesi, zilizolegea. Nn ya *binni*, watu, ni nzito. Pima pia irabu iliyotangulia: katika silabi yenye mkazo huwa fupi mbele ya nzito, ndefu mbele ya nyepesi. Xh ni sh yetu. X ni ile sauti ya j ya Kifaransa.

6. Rudi kwa msemaji. Kata maneno, yachanganye, umchezeshe: jiwe au ua? Akipingana na picha yako, futa ulichoandika.

Vipimo hivi usivihamishie kwingine kichwa kichwa. Orodha ya serikali ya Meksiko ya mwaka 2008 ina aina 62 za Kizapoteki, na cha San Lucas Quiaviní kina pia irabu za kuhema, ambazo utaratibu huu haukuzigusa.