Kutafuta miksa ya zamani Tanga: pa kuuliza, namna ya kuipima, na lini uiache

Miksa ya analogi (mashine ya kuchanganya sauti, isiyo ya kidijitali) ya miaka ya 70 au 80 bado inasakwa na wanaorekodi nyumbani, na Tanga inapatikana ukiitafuta kwa subira. Ila mji huu una jambo moja linalobadili hesabu yote, nalo ni hewa ya chumvi. Miksa iliyokaa miaka 40 katika chumba kikavu huko Uingereza na ile iliyokaa miaka 10 Raskazone, kando ya bahari, bila kufunikwa si kitu kimoja, hata kama nembo ya mbele ni ileile. Kwa hiyo hapa nembo inakuja mwisho. Kwanza pawa (kisanduku cha umeme wake), kisha feda (vitufe vya kusukuma juu na chini) na jeki, kisha upatikanaji wa vipuri. Ukiridhika na hayo ndipo uulize imetengenezwa na nani.

Amua ukubwa kabla hujatoka nyumbani. Kikundi cha taarabu chenye waimbaji wawili, tashkota, gita, besi, akodiani na tumba mbili kinahitaji chaneli 8, yaani njia moja ya kuingizia sauti kwa kila mwimbaji au chombo. Nunua yenye 12 au 16, kwa sababu mbili tatu zitakuwa zimekufa na utazikata vipuri. Chaneli 24 kwa chumba cha nyumbani ni kujitafutia joto, bili ya umeme na ugomvi wa nafasi.

Kisha tazama mgongo wake. Ili kila chombo kiingie kwenye kompyuta peke yake, miksa iwe na tundu la kutolea sauti la kila chaneli, au angalau tundu la inseti, yaani la kutoa sauti ya chaneli nje na kuirudisha. Kwenye miksa nyingi, ukichomeka jeki ya mono kwenye inseti hadi mlio wa kwanza tu, bila kuisukuma hadi mwisho, unapata sauti ya chaneli hiyo huku miksa ikiendelea kuisikia. Miksa isiyo na kimojawapo kati ya hivyo itakupa kushoto na kulia, basi. Hiyo waachie wapiga muziki wa harusi.

Kuhusu aina, kuna zinazofaa kufuatwa na kuna za kutazamwa kwenye picha tu. Soundcraft 200B na 600, na Allen & Heath System 8, ni za kufuatwa, maana ndani yake zimejaa IC (vipande vidogo vya elektroniki vyenye miguu) za kawaida kama TL072 na NE5534 ambazo bado zinatengenezwa na kuuzwa. Tascam M-30 na ndugu zake ni nzuri na ndogo, lakini matundu yake mengi ni ya RCA, yale madogo ya waya za deki, na hufanya kazi kwa kiwango cha −10 dBV, yaani volti 0.316, wakati vifaa vya studio hutumia +4 dBu, yaani volti 1.23. Tofauti ni karibu desibeli 12. Usipoijua utadhani miksa ni dhaifu, kumbe ni kadi yako ya sauti, ile inayoingiza sauti kwenye kompyuta, ndiyo inayosubiri zaidi. Ibadilishe iwe −10 na tatizo limekwisha. Ama Neve, hasa zile chaneli za 1073 za mwaka 1970, usizitafute huku. Zimeshang'olewa mojamoja na kuuzwa kwa bei ya gari, na anayekuletea moja hapa mjini, Ngamiani, kwa bei ya pikipiki anakuletea tatizo la polisi au nakala.

Pa kuuliza

Duka la vyombo vya muziki ndilo la mwisho. Miksa za zamani ziko stoo, si dukani. Anza na makanisa yaliyobadilisha vyombo: sharika na parokia nyingi zilipokea vifaa kutoka kwa marafiki wa Ulaya, na vilipoletwa vya kidijitali vile vya zamani viliwekwa nyuma ya madhabahu au chini ya ngazi ya mnara. Halafu wenye muziki wa kukodisha walioanza zamani, kumbi za mikutano, hoteli kongwe, klabu za mashamba ya mkonge, na vituo vya redio vilivyohama. Mafundi redio wa Ngamiani waulize wote, kwani fundi huijua miksa iliyolala hata kama mwenyewe ameisahau. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao waachie namba yako na uwaambie utalipa zaidi ya bei ya kilo. Aluminiamu ya miksa ina uzito mzuri, na ndiyo maana nyingi huishia kwenye mzani wao.

Ukienda kuuliza, usiulize "miksa ya vinteji". Hakuna atakayekuelewa, na atakayekuelewa atapandisha bei. Sema hivi: "Shikamoo mzee. Nimesikia hapa mlikuwa na ile mashine ya zamani ya muziki, yenye vitufe vingi na vya kusukuma juu na chini. Bado ipo?" Onyesha picha kwenye simu. Mzee akikumbuka kuwa ilikuja na kisanduku kizito cha pembeni, ulizia kisanduku hicho kabla ya kuiona miksa yenyewe. Ndicho pawa, na ndicho kinachopotea kwanza, kwa kuwa watu hukidhania ni stabilaiza na kukipeleka kwenye friji.

Mali ya kanisa haiuzwi na mwalimu wa kwaya. Omba kibali cha baraza la wazee na risiti yenye muhuri, hata kama wote mnajuana. Mali ya ofisi ya serikali hupita mnadani. Usiinunue mkononi mwa mtunza stoo.

Usipopata Tanga na Muheza, nenda Dar es Salaam, Kariakoo na kwa waingizaji wa mitumba ya Ulaya na Japani, au Unguja kunakoshuka mizigo ya Dubai. Iliyotoka Japani iangalie kibandiko cha nyuma: umeme wa kwao ni volti 100, wetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha, umeinunua na kuiua siku moja. Nyingine zina swichi au waya za ndani za kuhamisha volti, nyingine hazina.

Kuagiza mwenyewe kutoka nje ni hesabu nyingine. Ushuru hukokotolewa juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu yake. Mwulize wakala wa forodha kabla hujalipa chochote, mpe uzito na picha. Mara nyingi nauli ya kilo 40 humeza tofauti ya bei uliyoishangilia.

Kupima, kabla ya kutaja bei

Beba testa (mita ya kupimia umeme), hedifoni, maiki moja ya kawaida, waya wa XLR (wa maiki, wenye pini tatu) na wa jeki, bisibisi, tochi, fyuzi za milimita 5 kwa 20, na simu yenye faili la sauti ya 1 kHz. Panga saa mbili. Muuzaji anayekuharakisha mshukuru na uondoke.

Usiiwashe kwanza. Inuse: harufu ya samaki au ya kuungua inatoka kwenye kapasita na transfoma. Fungua kifuniko cha chini. Skrubu zenye kutu nyekundu ni jambo la kawaida hapa, haziogopeshi. Kinachoogopesha ni ukijani kwenye njia za shaba za ubao, miguu ya IC iliyoliwa, na uchafu wa mende uliogandamana, kwa maana huo hula shaba taratibu. Sponji iliyokuwa chini ya feda ikiwa imegeuka ulimbo mweusi, kila feda itabidi itolewe na kuoshwa. Chungulia matundu ya jeki kwa tochi. Nyigu wa udongo huyapenda sana, na jeki iliyosukumwa juu ya kiota chao hukunja ulimi wa ndani.

Kuwasha mashine iliyolala miaka, tumia balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 iliyounganishwa mfululizo na waya wa moto. Kazi hiyo mpe fundi umeme kama hujazoea, kwani umeme wa ukutani hauna mzaha. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, pawa ina shoti. Balbu ikishafifia, iondoe ndipo upime, la sivyo volti zitasoma chini. Pima zinazotoka: miksa nyingi hutumia jozi ya chanya na hasi, kati ya volti 15 na 18. Muhimu zilingane na maandishi ya pawa, na pande mbili zipishane kwa nusu volti tu. Upande mmoja ukifa, miksa inaweza kusukuma umeme wa moja kwa moja (DC) hadi kwenye spika na kuunguza koili. Ndiyo maana kabla ya kuunganisha spika yoyote unaweka testa kwenye tundu la kutolea, upande wa DC, na unataka kuona chini ya milivolti 50.

Umeme wa maiki za kondensa nao pima: kati ya pini 1 na 2 ya XLR, kisha 1 na 3, bila maiki. Volti 44 hadi 52 ni sawa.

Sasa sikiliza. Shusha feda zote za chaneli, pandisha ile kuu, vaa hedifoni. Ukisikia mvumo, jua ni upi. Mvumo mzito wa 50 Hz hutoka kwenye athi au waya ulio karibu na transfoma, na dawa yake ni rahisi. Wa 100 Hz, mkali kidogo, hutoka kwenye kapasita kubwa za pawa zilizokauka. Hizo ni za kubadilisha, kwa kawaida mbili hadi nne. Programu ya simu inayochora masafa itakuonyesha tofauti kama sikio lako halijazoea.

Pitisha ile 1 kHz chaneli moja baada ya nyingine, feda kwenye 0, ukitazama mita. Zote zisome karibu sawa. Zungusha kila nobu, bonyeza kila swichi mara 10. Mkwaruzo unaopungua kadiri unavyozungusha ni uchafu tu. Mkwaruzo usiopungua, au sauti inayokatika katikati ya feda, ni njia ya kaboni iliyoisha, na feda hiyo ni ya kununua upya. Pima urefu wa mwendo wake: za milimita 60 na 100 bado hupatikana, ila mashimo ya skrubu na miguu hutofautiana, kwa hiyo ipige picha mgongoni.

Chaneli iliyo kimya usiihukumu haraka. Chomeka na uchomoe jeki kwenye inseti yake mara kadhaa. Katika hali ya kawaida sauti hupita kwenye ulimi wa tundu hilo, na chumvi ikiuvaa, chaneli nzima inazimika ingawa haina ugonjwa mwingine. Hii ndiyo kasoro ya pwani kuliko zote, na ndiyo nafasi yako ya kununua kwa bei ya chini.

Iache iwake dakika 40 kabla ya kuagana. Kuna IC na vidhibiti vya pawa vinavyofanya kazi baridi na kugoma vikipata joto.

Bei: hesabu chaneli zinazofanya kazi tu. Ondoa gharama ya feda mbovu na kapasita za pawa. Pawa ikikosekana au ikiwa ni ya kubuni ya fundi, punguza nusu. Ubao ukiwa na ukijani katika zaidi ya robo ya chaneli, iache hata ikiwa bure, isipokuwa unataka vipuri.

Ikishafika nyumbani

Kutoka Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera. Ilaze chali juu ya godoro, kadibodi ngumu juu ya feda, na pawa isafiri kwenye boksi lake. Isisimamishwe kwa ubavu kwenye buti la basi. Ubao mrefu hupinda na viungio vya risasi huachia.

Safisha kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kisha dawa ya kusafishia swichi, tone moja kwa nobu, na kwa feda tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya feda. WD-40 iache kwenye bawaba za mlango, maana mafuta yake hubaki na kukusanya vumbi.

Usianze kubadilisha kapasita zote. Zikiwa 20 kwa chaneli, chaneli 16 zina 320, na kila moja ni nafasi ya kukosea mwelekeo. Badilisha za pawa, kisha chaneli moja, weka za nyuzi 105, na ilinganishe na jirani yake. Usiposikia tofauti, nyingine ziache. Vilevile usikimbilie kung'oa TL072 na kuweka NE5532 kwa kuwa umesoma ni bora. Miguu inalingana, lakini NE5532 hula umeme mara mbili na zaidi, pawa huchemka, na mkondo wake wa kuingilia huleta mkwaruzo kwenye nobu zilizokuwa kimya.

Iweke mbali na dirisha la upande wa bahari, hasa msimu wa kusi. Ifunike kwa shuka la pamba, si nailoni inayofungia unyevu. Iwashe angalau mara moja kwa wiki kwa saa mbili, ili joto lake lenyewe liikaushe. Chomeka jeki tupu kwenye matundu usiyoyatumia yasiyo ya inseti, nyigu wasirudi. Kisanduku cha pawa kikae mita moja au zaidi kutoka kwenye waya za maiki, na waya zikilazimika kukikaribia, zipishane nacho kwa pembe mraba.