Kuchagua BMX kruza ya kuzungukia mtaani

BMX ya kawaida ina gurudumu la inchi 20. Mtu mzima akiipanda, magoti hugonga usukani na kila shimo hulisikia mgongoni. Kruza ni BMX ileile, gia moja na fremu fupi ya chini, ila gurudumu lake ni inchi 24, 26 au hata 29. Kwenye mbio za BMX, daraja la kruza ni la inchi 24. Kwa mizunguko ya mtaani, kwenye changarawe na matuta, gurudumu kubwa ndilo raha yenyewe: linavuka shimo badala ya kuzama ndani yake.

Inchi 24 inamfaa kijana na mtu mzima mfupi. Mrefu achukue 26. Usinunue kabla ya kuipanda. Simama juu ya pedeli, zungusha usukani kushoto na kulia. Goti likigusa, fremu ni fupi kwako, na hakuna fundi wa kukurefushia. Ukisimama chini, kati ya miguu na bomba la juu la fremu ibaki nafasi ya sentimita tatu hadi tano.

Sasa fremu, na hapa usiwe na haraka. Kibandiko cha 4130 maana yake ni kromoli, chuma chepesi chenye nguvu. Soma vizuri: nyingine ni kromoli bomba la chini tu, mabomba yaliyobaki ni chuma cha kawaida. Chuma cha kawaida ni kizito lakini kwa mtaani kinatosha kabisa, na ni rahisi kuchomelea. Alumini iliyopasuka achana nayo, hata kwa bei ya kutupa.

Kwa baiskeli ya mtumba, pitisha vidole chini ya bomba la chini, pale linapoungana na shingo ya usukani. Ukihisi kauvimbe au rangi iliyojikunja, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso. Tazama na foku, ile inayoshika gurudumu la mbele, kwa ubavuni: miguu yake ifuate mstari wa shingo, isirudi nyuma kuelekea fremu. Kisha kagua viungo vya fremu pale kwenye krenki (mikono ya pedeli) na pale kwenye ekseli ya nyuma. Ufa mara nyingi hujionyesha kama mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Ukiona kimoja kati ya hivi, irudishe kwa mwenyewe. Rangi mpya ya kopo juu ya viungo tu nayo iulizie.

Gurudumu lizungushe ukitazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Likiyumba milimita mbili, fundi atalinyoosha kwa kukaza spoku. Rimu iliyobonyea ukingoni haiponi vizuri. Minya spoku mbilimbili kuzunguka gurudumu zima. Zilizolegea utazijua papo hapo. Spoku 36 ni bora kuliko 32 kwa mtu mzito au anayebeba abiria. Mwisho, shika tairi ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, koni, yaani nati zinazobana gololi kwenye ekseli, zimelegea au zimeliwa na gololi. Kulegea hukazwa kwa dakika chache, lakini kabu (kikombe cha gololi) iliyochimbika ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, ni gharama ya habu nzima. Ekseli ya milimita 14 ni ya wanaoruka ngazi. Kwa mtaani milimita 10 inatosha.

Kwenye tairi wengi hupotea. Tairi za inchi 24 si za saizi moja. Tafuta namba ndogo ubavuni, kipenyo cha rimu kwa milimita: BMX kruza nyingi hutumia 507, sawa na baiskeli za milimani za watoto, kwa hiyo tairi zake hupatikana. 24 x 1 3/8 ni 540 na haitaingia. Kwa 26 unataka 559. 26 x 1 3/8 ni 590, tofauti kabisa. Upana wa inchi 2.1 unaanzia psi (kipimo cha upepo) 35 hadi 45, ukiheshimu kikomo kilichoandikwa ubavuni. Ukijaza upungufu, kila shimo linabana tyubu kwenye rimu na unapata pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba.

Gia ipige hesabu: meno ya mbele gawa kwa ya nyuma, zidisha kwa inchi za gurudumu. 36 kwa 16 kwenye gurudumu la 26 inatoa 58.5, nzuri kwa tambarare na vilima vidogo. 44 kwa 16 inatoa 71.5, na kilimani utashuka usukume. Penye milima weka frii-wili (gia ya nyuma) ya meno 18.

BMX nyingi huja na breki ya nyuma tu. Mtaani kuna magari na watoto, kwa hiyo tafuta foku yenye vishikio vya kufungia breki ya mbele. Kama ni ya kukanyaga kinyume, kagua mkono wa habu, kile kipande cha chuma kinachotoka kwenye habu, uwe umefungwa barabara kwenye fremu, na kumbuka cheni ikichomoka breki imekwenda nayo.

Krenki ya kipande kimoja hutumia pedeli za uzi wa inchi 1/2, ya vipande vitatu inchi 9/16. Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume. Ukiilazimisha unaua uzi wa krenki. Kiti nacho usikiinue kupita alama ya nguzo, fremu itapasuka pale juu. Kikiwa bado kifupi, nunua nguzo ya milimita 300 au 350 yenye kipenyo kilekile kilichochapwa kwenye ya zamani, kwani 25.4 na 27.2 haziazimani.

Ukifika nayo nyumbani, paka grisi kwenye gololi na nguzo ya kiti, kisha vuta gurudumu la nyuma hadi cheni ibaki na mchezo wa milimita 10 hivi katikati. Zungusha krenki mzunguko mzima, kwa sababu gia ya mbele isipokuwa duara kamili cheni hukaza upande mmoja. Pima pale inapokaza zaidi. Baada ya wiki ya kwanza kaza tena nati za ekseli, krenki na usukani.