Kabla mtathmini hajaja, waulize wanaojitolea

Mimi ni mratibu wa watu wanaojitolea katika shirika dogo la hisani hapa Uingereza. Tulipoamua kutafuta tuzo ya Investing in Volunteers, kiwango cha ubora cha hapa nchini kwa mashirika yanayosimamia watu wanaojitolea, kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua mafaili. Wiki tatu nikaandika sera na kuzipanga kwa rangi. Kisha nikamuuliza mzee mmoja aliyejitolea kwetu miaka sita: ukipata tatizo, unamwendea nani?

Akacheka. "Namwambia dada wa mapokezi. Kwani kuna mwingine?"

Huyo mwingine ndiye mimi.

Basi usianze na mafaili. Mtathmini, yaani anayekuja kupima kama mnastahili tuzo, hasomi karatasi tu, anazungumza na wanaojitolea wenyewe. Sera nzuri ambayo hakuna anayeijua itakuumbua mbele yake.

Kiwango kina maeneo 6: dira, mipango, ujumuishaji, kuwapata na kuwakaribisha watu, kuwasaidia, kisha kuwathamini na kuwaendeleza. Utatakiwa kujipima kwanza. Usijipime peke yako ofisini. Kaa na watu wanne au watano wanaojitolea, mmoja wao awe mgeni kabisa, na mjumbe wa bodi asikose. Kila mkisema "hili tunalifanya", muulizane: mara ya mwisho lilifanyika lini, na nani? Pale mnapoanza kutazamana, andikeni. Hayo ndiyo mpango wenu wa kazi.

Kwetu macho yalikutana kwenye nauli. Kila mtu tulikuwa tukimpa pauni 5 kwa siku, awe amepanda basi au ametembea kwa miguu, na tuliona ni ukarimu. Kumbe tunajichimbia shimo. Kisheria, mtu anayejitolea hurudishiwa alichotumia. Ukimpa zaidi ya hapo, hela hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa ujira, na yeye akawa na haki ya kudai kima cha chini cha mshahara. Tukabadilisha: fomu ya ukurasa mmoja, tiketi au risiti imebanwa kwa pini, malipo ndani ya wiki. Likabaki la aibu, maana wenye shida ndio hawaombi. Kwa hiyo fomu anapewa kila mtu, hata mwenye gari kubwa, na asiyetaka hela anaichangia shirika. Hakuna anayejua nani kachukua na nani kaacha, isipokuwa mhasibu.

Ukaguzi wa rekodi za uhalifu usikutishe. DBS, ofisi ya serikali inayotoa ukaguzi huo, haitozi ada kwa anayejitolea kwa ukaguzi wa kawaida (standard) na wa kina (enhanced), ingawa wakala mnayempitia anaweza kuwatoza ya kwake. Ila si kila kazi inaruhusiwa kukaguliwa kwa kina. Anayepanga viti ukumbini hafanani na anayekaa na watoto. Pitia majukumu moja moja.

Halafu wapigie simu walioondoka. Nilichelewesha hili kwa woga, nasema kweli. Dada mmoja aliniambia hakuwahi hata kuanza: alijaza fomu, akasubiri miezi miwili, hakuna aliyempigia. Fomu yake niliikuta kwenye droo yangu, chini ya katalogi ya mafaili. Siku hizi kila ombi linajibiwa ndani ya siku tano, hata kama jibu ni "kwa sasa hatuna nafasi". Daftari la majibu hayo ni ushahidi mzuri kuliko sera niliyoipaka rangi.

Tuzo ikipatikana hudumu miaka 3, kisha mnapimwa upya, kwa hiyo usiweke utaratibu ambao utawashinda mwaka wa pili.

Siku ya tathmini mzee wetu aliulizwa swali lilelile. Baadaye alinisimulia jibu lake: kanitaja mimi kwa jina, kisha akaongeza kwamba nisipokuwepo, bado humwambia dada wa mapokezi. Wiki hiyo hiyo tukaliandika jina la dada huyo kwenye sera, na saa zake za kazi.