Namna ya Kuchambua Mechi ya Tenisi Kabla ya Kuweka Dau

Kinachowagharimu wabashiri wengi wa tenisi ni kutazama odi kwanza, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda, na kutafuta sababu baadaye. Mtu akishaona kwamba mchezaji fulani amepewa 1.30, kila takwimu atakayoisoma baada ya hapo ataisoma kwa nia ya kumtetea mchezaji huyo. Kwa hiyo kadiria mwenyewe uwezekano wa kila mchezaji kushinda, uuandike kwa asilimia, ndipo ufungue ukurasa wa odi.

Anza na uwanja. Roland Garros huchezwa kwenye udongo mwekundu, Wimbledon kwenye nyasi, na mashindano makubwa ya Australia na Marekani kwenye uwanja mgumu. Udongo hupunguza kasi ya mpira na kuudundisha juu, hivyo humpa nafasi mchezaji anayestahimili mapigo marefu ya kubadilishana. Nyasi huuacha mpira uteleze chini, jambo linalomnufaisha mwenye mpigo mkali wa kuanzisha, yaani sevu. Rafael Nadal alitwaa Roland Garros mara 14, lakini Wimbledon mara 2 tu. Chuja basi matokeo ya kila mchezaji yabaki yale ya uwanja wa aina ileile, na ukichukua ya mwaka mmoja au miwili utapata mechi za kutosha kulinganisha. Hata udongo wenyewe hutofautiana: Madrid iko takriban mita 650 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huufanya mpira uende kasi kuliko unavyokwenda Roma au Paris.

Baada ya uwanja, tumia muda wako mwingi kwenye sevu, kwa kuwa hapo ndipo mechi nyingi huamuliwa. Takwimu zinazohitajika ni nne: asilimia ya sevu za kwanza zinazoingia (ya kwanza isipoingia, mchezaji hupewa ya pili), asilimia ya pointi anazoshinda kwa sevu ya kwanza, asilimia anazoshinda kwa sevu ya pili, na asilimia ya pointi anazoshinda akirudisha sevu ya mpinzani. Tuchukue mchezaji anayeingiza sevu ya kwanza mara 60 kati ya 100, akashinda asilimia 75 ya pointi hizo, na asilimia 50 ya zile za sevu ya pili. Hesabu inatoa 45 na 20, jumla asilimia 65 ya pointi zote za sevu yake. Kwa kiwango hicho atashinda takriban asilimia 83 ya gemu anazoanzisha (gemu ni mkusanyo wa pointi, na seti ni mkusanyo wa gemu). Akishuka hadi asilimia 60 ya pointi, gemu zake zinashuka hadi takriban asilimia 74. Tofauti ndogo katika pointi hukua kila inapopanda ngazi, kutoka pointi hadi gemu, kutoka gemu hadi seti. Ndiyo maana Roger Federer, aliyeshinda karibu asilimia 80 ya mechi zake 1,526 za mchezaji mmoja mmoja, alishinda asilimia 54 tu ya pointi. Mimi huipa uzito zaidi sevu ya pili, kwa sababu sevu ya kwanza yenye nguvu huweza kuuficha udhaifu hadi siku inapokataa kuingia.

Hata hesabu nzuri haiondoi bahati. Katika fainali ya Wimbledon ya 2019 Federer alipata pointi 218 dhidi ya 204 za Novak Djokovic, akashindwa mechi, kwa kuwa Djokovic alishinda taibreki zote tatu, yaani gemu za kuamua seti iliyofungana. Anayempa mchezaji asilimia 95 kwa wepesi aikumbuke mechi hiyo.

Rekodi ya wachezaji wawili wa mechi yako kukutana isomwe kwa uangalifu uleule. Nadal alimshinda Federer mara 24 na kushindwa 16, jambo linaloonekana kama ubabe wa wazi; ukitenganisha viwanja, unakuta Nadal aliongoza 14 kwa 2 kwenye udongo, na Federer akaongoza 14 kwa 10 kwingineko. Tafuta pia sababu ya kimchezo. Mpira wa Nadal wa mkono wa kushoto, wenye mzunguko mkali, ulidunda juu upande wa bekhendi ya Federer ya mkono mmoja (pigo la upande wa mkono usioshika raketi), na udongo uliuongezea urefu huo. Rekodi isiyo na sababu ya namna hiyo, hasa ya mechi mbili au tatu, isikusumbue.

Orodha ya ubora wa wachezaji duniani hujumlisha pointi za wiki 52 bila kutenganisha viwanja, tena humshusha aliyekuwa majeruhi. Goran Ivanišević alitwaa Wimbledon mwaka 2001 akiwa wa 125 katika orodha hiyo. Angalia pia saa alizocheza kila mmoja katika raundi zilizotangulia, na ukumbuke kwamba wanaume katika Grand Slam, yaani yale mashindano makubwa manne, hucheza hadi seti tano, muda unaompa mchezaji bora nafasi ya kurekebisha mwanzo mbaya.

Sasa fungua odi. Gawanya 100 kwa odi: 1.50 ni asilimia 66.7, na 2.60 ni asilimia 38.5. Jumla inazidi 105, na kinachozidi 100 ndicho faida ya kampuni ya kubashiri. Ikiwa ulikadiria 58 kwa 42, zidisha: 0.58 mara 1.50 ni 0.87, na 0.42 mara 2.60 ni 1.09. Dau lenye thamani ni la pili, kwa kuwa linazidi 1, japokuwa unaamini kwamba wa kwanza ana nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Zote zikiwa chini ya 1, acha mechi hiyo.

Kabla ya kulipa, soma kanuni ya mchezaji kujitoa, kwa maana kampuni nyingine hurudisha dau na nyingine huhesabu matokeo mara seti ya kwanza inapokamilika. Mashindano ya ngazi za chini yaepuke: takwimu zake ni chache, na wachezaji wa ngazi hizo wamewahi kufungiwa kwa kupanga matokeo. Dau moja lisizidi asilimia 1 au 2 ya fedha ulizotenga, nazo ziwe fedha ambazo zikipotea zote, kodi na chakula haviguswi.

Andika kila dau: uwanja, kadirio lako, odi uliyochukua, na odi iliyokuwapo mechi ilipoanza. Ikiwa odi uliyochukua mara nyingi ni kubwa kuliko ile ya mwisho, makadirio yako yanaelekea kuwa sahihi hata kama wiki hii umepoteza. Ikiwa ni ndogo mara kwa mara, simamisha dau na urudi kwenye takwimu za sevu.